Jibu kwa mwalimu wa Tukuyu: asafiri mgonjwa au isafiri dawa?

Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Tukuyu ameniandikia hivi:

"Mama yangu ana miaka 61, ni mkulima wa chai na ndizi. Amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na hospitali ya rufaa Mbeya imempa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Daktari aligusia kipimo cha PET kinachotumia sukari yenye mionzi, akasema sukari hiyo hutengenezwa na mashine iitwayo saiklotroni. Nafundisha kidato cha tatu na cha nne, ila kitabu chetu kinaishia kwenye nusu-uhai. Naomba unieleze mashine hiyo inatengenezaje dawa, kama ndiyo itakayomtibu mama, na kwa nini isifungwe hapa Mbeya tukaepuka kilomita 900. Mke wangu naye anauliza kama mama akirudi ataweza kumshika mjukuu wake wa miezi mitano."

Mwalimu, pole sana kwa kuuguliwa na mama. Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye haraka.

Saiklotroni haitamtibu mama. Watu wengi wakisikia "mashine ya mionzi" hudhani ni mashine moja tu. Kwa ugonjwa kama wa mama, matibabu huwa kwa kawaida ya namna tatu zinazokwenda pamoja. Kuna mionzi ya nje: atalala kitandani, mashine itamzunguka na kumpiga miale kwa dakika chache, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Kuna dawa ya dripu, mara nyingi sisplatini, mara moja kwa wiki, inayozidhoofisha seli za saratani ili mionzi izimalize vizuri. Halafu kuna mionzi ya ndani: punje ndogo ya iridi-192 au kobalti-60 iliyofungwa kwenye ncha ya waya inasukumwa ndani ya mrija hadi kwenye mlango wa kizazi wenyewe, inakaa dakika chache, inarudishwa kwenye kasha lake. Katika hayo matatu hakuna hata moja linalohitaji saiklotroni.

Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona familia zikisubiri kipimo huku ugonjwa hausubiri. Mkiambiwa PET kwanza, muulizeni daktari wa saratani waziwazi: majibu ya kipimo hicho yatabadilisha nini katika matibabu ya mama? Huenda yakabadilisha. Kama kuna wasiwasi kwamba ugonjwa umepanda hadi kwenye tezi za limfu zilizo juu ya nyonga, kando ya mshipa mkuu wa damu, PET inaweza kuzionyesha, na eneo la kupiga mionzi litapanuliwa. Hapo kipimo kina kazi. Kama hayabadilishi chochote, mionzi ianze. Na ikishaanza isikatishwe: tunajitahidi mionzi ya nje na ya ndani, yote kwa pamoja, iishe ndani ya wiki 8. Kwa hiyo tafuteni mapema mahali pa mama kulala Dar es Salaam kwa muda wote huo. Chai ikikomaa shambani, achume mwingine.

Sasa mashine yenyewe. Wewe ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nitakupa hesabu bila kuipunguza.

Chembe yenye chaji ikipita kwenye uga wa sumaku, njia yake hupinda ikawa duara. Nguvu ya sumaku ni qvB (q ni chaji, v ni kasi, B ni uga wa sumaku), na nguvu inayohitajika kuizungusha chembe ni mv²/r (m ni tungamo, r ni nusu kipenyo). Zilinganishe, kisha tafuta muda wa mzunguko mmoja. Unapata 2πm/qB. Tazama kilichotoweka: kasi haimo, nusu kipenyo hakimo. Protoni inayokwenda taratibu inazunguka duara dogo, inayokwenda mbio inazunguka duara kubwa, na zote mbili zinamaliza mzunguko kwa muda uleule. Ernest Lawrence, pale Berkeley nchini Marekani, ndiye aliyeona mwaka 1929 kwamba jambo hili linaweza kutumika. Kama muda haubadiliki, basi unaweza kuweka umeme unaogeuka-geuka kwa mapigo yasiyobadilika, na kila protoni inapovuka pengo katikati ya duara, inasukumwa tena. Kuifikisha protoni kwenye nguvu tunayoitaka, huhitaji volti milioni 18 kwa mkupuo. Unahitaji makumi ya maelfu ya volti, na subira ya kurudia. Kila mzunguko ukiongeza nishati ya elektronivolti 150,000, mizunguko 120 inakufikisha milioni 18.

Kwa sumaku ya tesla 1.5, protoni inazunguka mara milioni 23 kwa sekunde. Mizunguko yote 120 inakwisha kabla hujapepesa jicho, na ikiisha protoni iko kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 40 hivi, ikienda karibu sehemu ya tano ya kasi ya mwanga. Lile jaribio la kwanza la Lawrence na mwanafunzi wake Livingston lilikuwa na kipenyo cha sentimita 11 hivi, la kushika kiganjani. Mashine za hospitali za leo zina uzito wa tani 20 na zaidi, karibu uzito wote ukiwa chuma cha sumaku, na hukaa nyuma ya kuta za zege zenye unene wa mita mbili hivi. Zege hilo ni la kuzuia nyutroni zinazoruka wakati mashine inafanya kazi.

Nikuambie na hili kwa ajili ya majirani: hakuna urani humo. Najua habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo zimewafanya watu wengi wa kusini waliogope neno nyuklia. Saiklotroni inakula umeme na gesi ya haidrojeni kidogo sana. Ukizima swichi, mwali unakoma papo hapo. Vyuma vilivyopigwa hubaki na mionzi kwa muda, ndiyo maana fundi haingii kabla ya kupima, lakini hakuna kitu kinachoweza kulipuka kama bomu.

Mwali wa protoni unaelekezwa kwenye kikombe kidogo cha chuma chenye maji, mililita mbili au tatu. Hapa ndipo mimi huwa nashangaa kila mara, hata baada ya miaka yote hii. Chota maji ya Mto Kiwira: katika kila atomu 500 za oksijeni yake, moja hivi ni oksijeni-18, nzito kidogo kuliko wenzake. Maji ya kwenye kikombe chetu yametengwa kitaalamu mpaka karibu oksijeni yote ni ya aina hiyo, na tunayanunua kwa gramu na kuyatunza kama dhahabu ya Chunya. Protoni inaingia kwenye kiini cha oksijeni-18, nyutroni inatoka, na atomu ya namba 8 inakuwa ya namba 9. Oksijeni imekuwa florini. Ni florini-18, na nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni dakika 110.

Wape wanafunzi wako swali hili: kwa nini tusipige maji siku nzima tupate florini nyingi? Kwa sababu florini inaoza ikiwa bado humo kikombeni. Ukipiga kwa dakika 110 unapata nusu ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana kwa mwali huo. Ukipiga kwa dakika 220, robo tatu. Kuanzia hapo inayooza inazidi kukaribia inayozaliwa, na unachoma umeme kwa faida ndogo. Saa mbili hivi zinatosha.

Kisha maji hayo yanasukumwa kwa gesi ndani ya kijibomba chembamba hadi kwenye kabati lenye kuta nene za risasi, ambamo mashine ndogo inayoendeshwa kwa kompyuta inafanya kemia bila mkono wa mtu. Florini inapachikwa kwenye molekuli ya sukari mahali ambapo kungekuwa na oksijeni na haidrojeni. Nusu saa hivi, na unayo ile dawa tunayoiita FDG: sukari yenye florini. Mtu wa kwanza kuchomwa sindano yake alichomwa mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wazo la kufuata sukari lilikuwa la zamani zaidi. Otto Warburg, Mjerumani, aliona katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani zinakula sukari kwa pupa kuliko seli za kawaida. FDG inaitumia pupa hiyo. Seli inaipokea ikidhani ni glukosi, inaifungia hatua ya kwanza ya kuimeng'enya, halafu kimeng'enya cha hatua inayofuata hakiitambui. Sukari inakwama ndani. Florini inapooza inatoa positroni, chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya, positroni inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, na mahali pao panatoka miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili zinazopingana. Pete ya vipokezi iliyomzunguka mgonjwa inadaka miale hiyo, mwili wote, milioni kwa milioni, na kompyuta inachora sukari ilikojikusanya.

Uzito wa florini yenyewe katika sindano moja ya megabekereli 370 (bekereli moja ni atomu moja kuoza kwa sekunde) ni kama sehemu moja ya bilioni kumi ya gramu. Nimeikokotoa mara nyingi na bado inanistaajabisha. Na inapooza, inageuka kuwa oksijeni-18 tena. Molekuli iliyokwama inakuwa glukosi ya kawaida, yenye oksijeni nzito kidogo, na seli inaitumia kama chakula.

Kabla dawa haijatoka kabatini inapimwa: rangi, uchachu, usafi wa kikemia, usafi wa kimionzi, kama kichujio cha vijidudu hakikutoboka. Kipimo kimoja, cha kuotesha vijidudu, majibu yake huja baada ya siku 14, wakati sukari imeshaoza kitambo na mgonjwa yuko kwao. Kwa hiyo usafi haujengwi kwenye kipimo cha mwisho peke yake. Unajengwa kwenye kila bomba, kila glavu, kila hatua, kila siku.

Nilijifunza uzito wa hilo nikiwa mafunzoni, kwenye kituo kimoja nje ya nchi. Tulianza saa 9 usiku. Saa 11 na dakika 40 alfajiri umeme ulicheza, sekunde moja tu, taa zikafifia na kurudi. Mashine ya kemia ilijizima katikati ya kazi. Florini tulikuwa nayo, ila sukari haikuwahi kuwa sukari. Chumba cha kusubiria alikuwapo mama mmoja aliyekuja na basi la usiku, hajala tangu jana yake, cheti cha rufaa amekikunja mara nne mkononi. Uzalishaji wa pili siku ile haukuwezekana. Nilitumwa mimi kumwambia. Aliniuliza kama sasa anaruhusiwa kunywa chai. Nikamwambia anaruhusiwa. Alikunywa vikombe viwili bila kusema neno, nami nikabaki nimekaa kando yake. Wiki iliyofuata kituo kile kilibadilisha betri za akiba za mashine ya kemia, kitu ambacho kingefanyika mwezi mmoja kabla.

Ndiyo maana ukiniuliza kwa nini saiklotroni isifungwe Mbeya, sianzi na bei.

Mimi nimezaliwa Mufindi. Baba alikuwa dereva wa lori la majani mabichi ya chai. Wewe mtu wa Rungwe unajua: jani likishachumwa, saa zinaanza kuhesabu. Likishindiliwa kwenye gunia linapata joto, likikaa linageuka jekundu, na lori likikwama kwenye tope jioni, kiwanda kinalikataa. Ndiyo maana viwanda vya chai viko katikati ya mashamba. Kahawa ya Mbozi haina shida hiyo. Ikishamenywa na kukaushwa inaweza kukaa gunia kwa miezi, ikapanda lori, ikavuka bahari. Isotopu za tiba, yaani aina za atomu zenye mionzi tunazotumia hospitalini, nazo ziko hivyohivyo. Florini-18 ni jani la chai. Kaboni-11, yenye nusu-uhai wa dakika 20, ni zaidi ya chai, haitoki hata nje ya geti la hospitali. Iodini-131, ya siku 8, na lutetiamu-177, inayokaribia siku 7, ni kahawa.

Kwa hiyo swali la kweli ni nani asafiri: mgonjwa au dawa. Tuchukue saa na tuhesabu. Ocean Road ndiko serikali ilikoamua kuweka saiklotroni na PET-CT, mashine inayopiga picha za PET. Toka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Kwa gari, hata pasipo lori lililolala katikati ya Kitonga, ni saa 12. Hiyo ni nusu-uhai sita na nusu, na dawa inayobaki ni kama moja kwa mia. Barabara imekataa. Kwa ndege, tuseme saa nne tangu dawa itoke kabatini, ifike uwanjani, ikaguliwe, iruke, itue uwanja wa ndege wa Songwe na kufikishwa hospitalini. Saa nne ni nusu-uhai mbili na kidogo; inabaki asilimia 22. Ukitaka kumchoma mgonjwa megabekereli 300 ukiwa Mbeya, inabidi Dar itume 1,360 hivi kwa ajili yake. Inasikika kama hasara kubwa, lakini uzalishaji mmoja wa asubuhi hutoa makumi ya maelfu ya megabekereli. Hasara hiyo inabebeka. Katika nchi nyingi FDG husafirishwa kwa magari na kwa ndege kila siku namna hiyohiyo.

Msimamo wangu, basi, ni huu: Mbeya haihitaji saiklotroni kwanza. Inahitaji mashine ya PET-CT, na sukari ije kwa ndege ya asubuhi. Ndani yake kuna mambo mengi ya kupanga: kasha la risasi la kiwango kinachokubalika, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, rubani aliyeelimishwa, dereva anayesubiri uwanjani, na namna ya kuwaambia wagonjwa siku ukungu utakapozuia ndege kutua. Hayo yote ni kazi ya watu na ratiba. Saiklotroni inataka zaidi: umeme usiocheza, mhandisi wa kuitunza aliye karibu mchana na usiku, mkemia wa dawa za mionzi, mfamasia wake, mfizikia wake, na wagonjwa wa kutosha kila siku ya kazi. Mashine hii isipofanya kazi kila siku ni kama ng'ombe asiyekamuliwa, maziwa yanakauka. Wataalamu wanaohama kwa kukosa kazi hawarudi.

Na tukiwa kwenye kukamua, kuna njia ya tatu ambayo watu wachache huitaja. Kuna isotopu iitwayo jerimani-68, nusu-uhai wake siku 271. Inatengenezwa kwenye saiklotroni kubwa huko mbali, inafungwa ndani ya kichupa kilichozungushiwa risasi, inasafirishwa taratibu kama kahawa. Inapooza inazaa galiamu-68, yenye nusu-uhai wa dakika 68. Unapitisha maji ya tindikali hafifu kwenye kichupa, galiamu inatoka, jerimani inabaki. Baada ya saa chache unakamua tena. Kichupa kimoja kinatumika karibu mwaka. Galiamu hiyo haiwi sukari, kwa hiyo haimsaidii mama, lakini inafaa sana kwa saratani ya tezi dume na kwa uvimbe wa aina fulani unaotokana na seli za homoni. Hospitali yenye PET-CT na kichupa hicho inaweza kupima wagonjwa hao bila saiklotroni wala ndege.

Nisingekuwa mkweli nisipoongeza hili. Ningeulizwa leo pesa za saratani za Nyanda za Juu Kusini zianzie wapi, ningesema zianzie kwenye siki. Siki ile ya kupaka kwenye mlango wa kizazi, anayopaka muuguzi katika kituo cha afya, inayogeuza eneo lenye shida kuwa jeupe kwa dakika moja ili litibiwe kabla halijawa saratani. Kisha maabara ya kusoma kwa haraka vinyama vinavyokatwa kwa mgonjwa. Kisha mashine ya mionzi ya nje na ya ndani. PET baada ya hapo. Naipenda kazi yangu, lakini akina mama wengi wangepona kwa siki kabla ya kuhitaji mimi.

Swali lako linaonyesha pia umedhani saiklotroni inatengeneza dawa za kutibu. Hujakosea, na historia iko upande wako. Mwaka 1936 John Lawrence, daktari na mdogo wake Ernest, alimpa mgonjwa wa saratani ya damu fosforasi-32 iliyotoka kwenye saiklotroni ya kaka yake. Huo ndio mwanzo wa tiba kwa isotopu zilizotengenezwa na binadamu. Baadaye vinu vya nyuklia vilichukua sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu isotopu nyingi za kutibu huzaliwa kwa kupigwa nyutroni. Iodini-131 na lutetiamu-177 hutoka huko. Tanzania haina kinu, kwa hiyo tunaziagiza; na kwa kuwa ni kahawa, zinafika. Wazee wetu wa nyanda za juu wanalikumbuka rovu, enzi kabla chumvi haijatiwa madini joto. Upungufu uleule wa madini joto unahusishwa na aina mojawapo ya saratani ya tezi ya shingo, na saratani hiyo inatibika vizuri kwa upasuaji na kidonge cha iodini-131. Ni tiba ya kale na bado ni miongoni mwa tiba bora tulizo nazo.

Saiklotroni inarudi sasa kwenye tiba kwa njia ya chembe za alfa, yaani viini vya heliamu, ambazo huua seli ya saratani kwa ukaribu mno na kuacha jirani zake. Astatini-211 hupatikana kwa kupiga bismuthi kwa alfa, na nusu-uhai wake ni saa 7 hivi. Aktiniamu-225, ya siku 10, inaweza kutengenezwa kwa kupiga radiamu kwa protoni. Saiklotroni ndogo za hospitali, zilizojengwa kwa ajili ya florini, hazina alfa za nguvu hiyo, kwa hiyo ukisikia mtu anaahidi astatini kwenye mashine ya protoni za elektronivolti milioni 18, muulize hizo alfa anazipata wapi.

Turudi kwa mama. Kama daktari ataamua apimwe PET, mweleze haya mwenyewe kwa Kinyakyusa, kwa sababu maelekezo mengi hospitalini hutolewa harakaharaka. Siku moja kabla asilime, asibebe mikungu ya ndizi, asipande mlima, kwa maana misuli iliyofanya kazi inakula sukari na itawaka kwenye picha. Asile kwa saa sita kabla ya sindano, na hiyo ni pamoja na chai ya sukari, muwa na pipi. Maji matupu anywe. Kama ana kisukari, semeni mapema. Avae shuka au sweta: chumba kina kiyoyozi, na mtu akihisi baridi, mafuta maalum ya mwili yanayotoa joto huanza kunyonya ile sukari shingoni na mabegani. Baada ya sindano atalala saa nzima kimya, hata maongezi yapungue. Kabla ya kuingia mashineni aende haja ndogo, kwa sababu FDG hutoka kwa mkojo, na kibofu kiko jirani kabisa na mlango wa kizazi. Kikijaa kinaficha tunachokitafuta.

Na picha ikija na madoa, msikate tamaa palepale. Kifua kikuu nacho kinakula sukari. Tezi zilizovimba kwa VVU nazo hivyohivyo. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa mbele nchini kwa maambukizi ya VVU, na kifua kikuu huyafuata nyuma, kwa hiyo doa kwenye pafu la mtu wa kwetu linahitaji kuchunguzwa kabla ya kuitwa saratani iliyosambaa. Waulizeni madaktari kama doa hilo limepimwa makohozi au kuchukuliwa kinyama. Mna haki ya kuuliza.

La mke wako nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo rahisi. Siku ya kipimo, kwa saa kadhaa, mama asikae karibu na watoto wachanga wala wajawazito, na anywe maji mengi. Chukua mfano amechomwa sindano saa 4 asubuhi. Kesho yake saa 12 asubuhi, basi linapotoka stendi ya Mbezi, zimepita saa 20, karibu nusu-uhai 11: hata tukiacha yote iliyotoka kwa mkojo, imebaki chini ya moja kwa elfu. Saa 1 usiku mkifika Mbeya ni nusu-uhai 18, moja kwa laki mbili na nusu. Mionzi ya nje, ile ya wiki tano, haibaki mwilini kabisa; inakwisha mashine inapozimwa. Punje ya mionzi ya ndani inatolewa kabla hajainuka kitandani. Mpelekeni mtoto stendi ampokee bibi yake, amwingize mgongoni hapohapo.